Bi Mashavu na Sheria ya Wahoka

Ipo nchi moja, jirani yetu kabisa, ila ukiulizwa ni ipi wewe sema hujui, nami nitasema sikusema. Ni nchi njema. Raia wake wana furaha kwa mujibu wa sheria, mvua yao hunyesha baada ya kuidhinishwa, na Rais wao, ambaye hapendi kuitwa Rais kwa sababu marais wamejaa tele duniani, huitwa Mlezi Mkuu. Katika nchi hiyo hakuna mfungwa wa siasa hata mmoja. Haki ya Mungu! Walikuwapo zamani, siku hizi hawapo, na kilichowamaliza ni neno moja lililokuwa limekwisha kufa likazikwa, wakubwa wakaenda kulifukua.

Neno lenyewe ni mhoka. Wakiwa wengi ni wahoka.

Aliyeliponza neno hilo, au tuseme aliyeponzwa nalo kwanza kisha akaliponza, ni Bi Mashavu binti Sururu, Kamanda wa Kikosi cha Taifa cha Vigelegele. Usicheke. Kikosi kipo, kina sare ya kijani na vyeo begani. Mlezi Mkuu akishuka kwenye ndege, kikosi kipo. Akikata utepe, kipo. Siku moja alipiga chafya hadharani, kikosi kikaitikia kabla hajafuta pua, na Bi Mashavu akapandishwa cheo palepale. Alikuwa mama wa makamo, mnene wa haki, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na ulimi usiotaka mchezo. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki, akamwachia mwana mmoja tu, Feruzi, mwalimu wa jiografia. Mama huyo akila, anamlia Feruzi. Akilala, anamwotea Feruzi ndoa.

Sasa sikilizeni neno lilivyofufuka.

Serikali ya nchi ile ilikuwa na shida ya jina. Kulikuwa na watu wanaosema sema, na mtu huwezi kumshughulikia vizuri kama hujui umwiteje. Kwanza waliwaita wapinzani, ikaonekana jina linawapa heshima, maana mpinzani huonekana kama mtu aliyefikiri. Wakawaita wahaini. Lo, hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu mhaini anataka mahakama, mahakama inataka hakimu, na hakimu, hata umchague mwenyewe, siku moja moja hushikwa na tamaa ya kuuliza ushahidi. Wakajaribu kuwaita vichaa, nao madaktari wakauliza dawa ziko wapi. Ikawa taabu.

Ndipo Waziri wa Utulivu na Mila, Mheshimiwa Daktari Kibwana Mapande, alipowakusanya wajumbe wa Baraza la Maneno katika hoteli moja ya kifahari, akawaambia hawatoki mpaka neno lipatikane. Wajumbe hawakuwa na haraka, maana chakula kilikuwa kizuri. Waziri aliposimamisha pilau ndipo mjumbe mmoja akakumbuka.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Neno lilifunikwa kitambaa cha hariri, limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na Mlezi Mkuu akakivuta kitambaa kwa mkono wake. Mheshimiwa Mapande akashika kipaza sauti. Ni mtu mfupi, mwenye tumbo la kutangulia na miwani anayoivaa akizungumza tu.

"Ndugu wananchi! Mhoka ni mtu aliyepandwa na pepo hata maneno yanayomtoka si yake. Hana kosa, masikini! Serikali yenu sikivu haimkamati mhoka, inampokea. Haimfungi, inamtuliza. Ukimwona mtu anasema mambo ya kutia watu wasiwasi, usimchukie. Muite mhoka, na sisi tutakuja kumchukua kwa upendo."

Bi Mashavu akaongoza vigelegele. Hakuna aliyepiga kirefu kama yeye siku ile.

Na ubaya ni kwamba yeye neno alilijua. Bibi yake mzaa mama, Bi Kiponda, alikuwa mhoka, mhoka wa kweli, si wa hotelini. Zama za Bi Kiponda, mhoka alikuwa mtu wa kuogopwa na kuonewa huruma kwa pamoja. Mtu akibadilika, akaanza kusema yaliyofichwa, nani kadhulumu shamba la yatima, nani kamlisha mwenzake kitu kibaya, aliyejua kuwa ndiye anayesemwa alikuwa wa kwanza kupiga kelele, "Huyu mhoka!" Basi aliyeita hivyo walimwita mwita, na mambo yakawa mikononi mwake. Hutandikwa mkeka, hufukizwa ubani, ngoma hupigwa. Mwita hukaa mkekani uso kwa uso na mhoka, akamuuliza pepo jina lake na haja yake. Akiambiwa haja, hutoa. Hata jumbe wa mji, akiwa ni yeye mwita, alivua viatu akaketi. Ndiyo maana watu wa zamani walikuwa wazito kumwita mwenzao mhoka, na neno likafa kwa kukosa wa kulitamka. Haya Bi Mashavu aliyajua tangu akiwa mtoto wa kuchota maji. Siku ya uzinduzi aliyameza, kwa kuwa alikuwa na cheo begani na mtoto wa kumwozesha.

Haikupita muda, Feruzi akafungua mdomo.

Siku hiyo Mheshimiwa Mapande alikuwa anafungua Daraja la Mshikamano. Lilikwisha kufunguliwa mara mbili huko nyuma, kwa hiyo watu walijua nyimbo zake zote. Utepe ulifungwa kwenye miti miwili katikati ya pori la nyasi, bendi ikapiga, kikosi cha vigelegele kikasimama mstari wa mbele. Feruzi alikuwa amekuja na wanafunzi wake. Akanyoosha mkono, kwa adabu zake zote, mtoto aliyelelewa yule.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani, nilikuwa nauliza. Daraja lenyewe liko upande gani? Na mto je?"

Watu wakainamisha vichwa wakitazama nyasi. Wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wanautafuta mto kweli.

Waziri akavaa miwani. "Kijana, pole sana. Anayesema hapo si wewe."

"Ni mimi, Mheshimiwa. Naitwa Feruzi, nafundisha jiografia."

"Mnasikia?" Waziri akawageukia wananchi. "Pepo limejitaja jina! Ni mhoka huyu, mpokeeni!"

Vijana wa miraba minne wakampokea, mmoja miguu, mmoja mikono. Waziri akakata utepe. Na utepe ukikatwa, kikosi hupiga kigelegele. Bi Mashavu alikuwa amefanya kazi hiyo miaka na miaka, mdomo wake haukuwa ukingoja amri ya moyo. Utepe ulipoanguka, kigelegele kikamtoka. Feruzi, akiwa amening'inizwa, akageuza shingo kumtazama mama yake. Alimtazama hivyo mpaka mlango wa gari ukafungwa.

Jamani, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Mashavu alifika nyumbani akaingia chumbani na sare yake, akajiziba mdomo kwa mikono miwili kana kwamba anakizuia kigelegele kile kisitoke tena. Alijichukia. Mpaka leo, nikwambie ukweli, hajaacha kujichukia.

Alianza kwenda Nyumba ya Utulivu, ambako wahoka hupokelewa. Ni jumba zuri, limepakwa rangi ya waridi. Getini kulikuwa na askari mchangamfu.

"Nimekuja kumwona mfungwa Feruzi," alisema Bi Mashavu.

"Mama, humu hamna wafungwa."

"Basi mgonjwa Feruzi."

"Hamna wagonjwa pia. Hapa ni mahali pa utulivu."

"Haya, nimwone huyo anayetulia!"

"Akionwa hatatulia, mama yangu. Wewe mwenyewe fikiria."

Akenda na kurudi, na chakula mkononi, chakula kikapokelewa na askari kikaliwa hapohapo kwa sifa nyingi. Mwishowe akaambiwa Feruzi amepona, ameondoka. Kaenda wapi? Aliyepona hana habari ofisini. Kuna uvumi kapewa masomo nchi za nje. Nchi ipi? Ya nje, mama, nje ni kukubwa.

Ila jikoni mle alikuwamo mpishi mmoja, dada yake ni mwana kikosi. Akamletea ujumbe kupitia kwa dadaye, maneno machache tu: mwambie Kamanda asimpikie tena. Amekufa katika kutulizwa, na alipozikwa hajulikani.

Akalia mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza kulia alinawa uso, akavaa sare yake ya kijani, akaenda kazini. Watu walisema, tazama roho ya jiwe hiyo, mtoto kapotea yeye yuko kiwanja cha ndege anashangilia. Aliwasikia, akajitia hamnazo. Moyoni alikuwa amekula yamini: atalipwa mwanawe, na atajua alipolala, hata kama ni kwa kulipindua jumba la waridi tofali kwa tofali.

Mwenye kusubiri huvuta kheri, na kheri ikaja na ndege. Walikuja wageni kutoka Shirika la Mataifa la Kuheshimu Mila, watu wapole, wenye kofia za jua. Walikuwa wamesikia kwamba nchini humo watu huwekwa ndani bila mahakama, wakaja kuuliza, kwa upole, ni kweli? Mlezi Mkuu akamtazama Mapande. Mapande, kwa wepesi wake, akajibu kuwa hayo si mambo ya sheria, ni mila.

"Mila!" Wageni walifurahi mpaka wakashikana mikono. "Basi tunaomba kuiona. Sherehe yake ni lini?"

Waziri akaomba muda. Sherehe haikuwapo. Kulikuwa na jumba, na mbwa, na chumba cha chini ambacho wageni hawaonyeshwi. Alirudi ofisini amelowa jasho, akamkuta Kamanda wa Vigelegele anamngoja kwenye benchi, amejipaka hina, ananukia udi.

"Mheshimiwa baba yetu," alisema Bi Mashavu, "nimesikia una ugeni. Bibi yangu alikuwa mhoka. Ngoma yake naijua, ushanga mpaka ubani."

"Kumbe!" Mapande alikaribia kumkumbatia. "Kamanda, wewe ni hazina ya taifa."

"Ila, Mheshimiwa, nakuomba kitu kimoja. Usiwape wageni mila nusu. Mila nusu ni aibu, watasema tumeitunga jana. Itungie sheria kabisa, mila zote za mababu, bila kupunguza hata moja."

"Bila kupunguza hata moja," alirudia Waziri, akaupenda mlio wake. Akavaa miwani, akarudia tena mbele ya dirisha kama anahutubia. Hakumuuliza mila zenyewe ni zipi. Mtu mwenye shahada zote zile aulize mambo ya bibi na ubani! Hata Feruzi hakumtaja, hakumwambia mama wa watu pole. Alikuwa amemsahau. Hapo Bi Mashavu akatabasamu na meno yote.

Sheria ya Wahoka ikapita Bungeni kwa nderemo. Katika Bunge lile muswada husomwa baada ya kupitishwa, ili wabunge wasichoke kabla ya kupiga kura, na huu ulipitishwa siku ya mkesha wa sikukuu, kwa hiyo kusomwa kukaahirishwa. Maneno ya Bi Kiponda yakaingia kama alivyoyataja mjukuu wake. Mhoka hashitakiwi kwa neno. Ngoma haikatizwi. Mwita hukaa mkekani, huuliza, hutoa. Asipotoa, au akitoa kwa kulazimishwa, pepo humhamia yeye, naye huwekwa chini ya ulinzi mpaka aliyedhulumiwa aseme kwa kinywa chake, nimeridhika. Hilo la mwisho baadhi ya wazee husema zamani halikuwapo. Mimi sijui, wala sikuwapo.

Siku ya ngoma uwanja ulijaa pomoni. Televisheni ya Taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja. Mlezi Mkuu alikaa juu kwenye kiti chake cha ngozi ya chui, wageni kulia kwake na kofia zao. Chini, katikati, ulitandikwa mkeka mpya, chetezo pembeni, na kwenye ngoma walikaa akina mama wa kikosi, waliochaguliwa na Kamanda wao mmoja mmoja. Upande wa pili walipangwa wahoka wachache walionawiri, waliolishwa vizuri kwa ajili ya siku hiyo na kufundishwa kusema "tumetulia" kwa pamoja.

Mheshimiwa Mapande akasimama kuhutubia.

"Ndugu wageni, sisi ni watu wa mila. Mababu zetu walijua kwamba anayelalamika halalamiki yeye, ni kitu kimemwingia..."

Bi Mashavu akapiga kigelegele.

Waziri akatabasamu, akangoja kiishe. Kikaisha. Akaanza tena, "Mababu zetu..." Kigelegele kikaja, kirefu kuliko cha kwanza. Wageni wakapiga makofi. Waziri akacheka kidogo, akajipangusa paji la uso, akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka kikosi kizima kikapokea. Akifunga mdomo, wananyamaza. Akifungua, wanapiga. Uwanja ukaanza kucheka, kwanza kwa siri, kisha waziwazi, na mtu mkubwa anaweza kuvumilia yote isipokuwa kuchekwa.

"Kamanda, basi!" alisema kwa meno.

Bi Mashavu akatoka mstarini. Akatembea taratibu mpaka ukingoni mwa mkeka, sare yake imepigwa pasi, na akasema kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa, "Mheshimiwa, mwanangu yuko wapi?"

"Kaa chini, mama!"

"Feruzi wangu yuko wapi?"

"Mtoeni!" Hasira zilimpanda, na hasira ni hasara. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, nacho hakikuacha hata pumzi. "Mtoeni huyo! Mhoka mkubwa huyo!"

Loo! Mama mmoja kwenye ngoma akasema "Mwita kaita," na mikono ikashuka juu ya ngozi. Wala hawakupiga kwa fujo, walipiga polepole, pigo la kumwita mtu aliye mbali. Vijana wa miraba minne walisogea, wakasimama, wakatazamana. Wengi wao walikuwa na bibi zao nyumbani.

Bi Mashavu akaketi mkekani, akavua cheo cha kwanza begani, kisha cha pili, akaviweka kwenye makaa ya chetezo. Akafumba macho.

"Simamisheni upuuzi huu!" Waziri akapaza sauti.

Mwanasheria wa Serikali akamnong'oneza kwamba ngoma haikatizwi, ni sheria. Sheria ya nani? Yako, Mheshimiwa. Na mwita hukaa. Mapande akamtazama Mlezi Mkuu kwa macho ya kuomba. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa na habari zake. Kwa muda sasa alikuwa amechoka kuona picha za Mapande zikining'inizwa madukani karibu mno na zake, tena kwa ukubwa uleule. Pembeni yake mgeni mmoja alikuwa akinong'ona kwa shauku, mila hai, mila hai.

"Keti, Waziri," alisema Mlezi Mkuu kwa upole wa mzazi. "Mila ni mila."

Akaketi. Suti ikambana, tumbo likatangulia mkekani. Wakamvua viatu. Soksi moja ilikuwa imetoboka na kidole kikachungulia, na nchi nzima ikakiona.

"Uliza," akasema mama wa ngoma.

"Jina lako nani?" aliuliza Mapande.

Bi Mashavu hakutikisika wala kutoa povu kama walivyotazamia wageni. Alisema kwa sauti ndogo, ya upole, sauti ya kijana aliyelelewa. "Shikamoo, Mheshimiwa. Naitwa Feruzi, nafundisha jiografia."

Mama wa ngoma hakuacha kupiga.

"Uliza haja."

"Wataka... wataka nini?"

"Nauliza tu, Mheshimiwa. Mimi niko wapi? Mama yangu hajui."

Mapande akasema alikwenda masomoni. Ngoma ikaendelea. Akasema hakumbuki, wahoka ni wengi. Ngoma ikaendelea. Ndipo mama mmoja wa kikosi, mwembamba, mpiga tari, akaanguka magoti pale alipokuwa akasema, "Mimi naitwa Hamadi, nilikuwa dereva. Mimi niko wapi?" Mwingine akajitaja Subira, mwanafunzi wa uuguzi. Wahoka walionawiri nao wakasahau "tumetulia," wakaanza kutaja. Likaenda mpaka majukwaani, huku jina, kule jina, watu wamesimama na machozi yanawatoka, kila mmoja na wake, na hakuna wa kumkamata kwa sababu mhoka hashitakiwi kwa neno. Mtangazaji wa televisheni akasahau kukata matangazo. Nasikia naye alikuwa na kaka.

"Mimi niko wapi, Mheshimiwa?"

"Bustanini!" Mapande alipiga ukelele, jasho na kamasi pamoja. "Bustani ya Wizara, penye mawaridi, wote wako pale! Lakini si mimi! Mimi nilipewa karatasi, sahihi ile si yangu, sahihi ni ya..."

Hapo kipaza sauti kikafa. Ajabu, kilikuwa kipya kabisa.

Mlezi Mkuu alikuwa amesimama, mkono umeinuliwa. "Wananchi wangu, mmejionea. Pepo limemhamia. Maneno yanayomtoka si yake."

"Ni mimi!" alilia Waziri akiburutwa. "Ni mimi, Kibwana Mapande!"

"Limejitaja jina," alisema Mlezi Mkuu kwa masikitiko. Na wageni wakaandika kwamba hawajapata kuona sherehe ya kusisimua kama ile.

Watu hawakungoja ruhusa. Walikwenda wizarani na majembe jioni ileile. Bustani ilikuwa nzuri kweli, imeshinda tuzo, na mbele yake kulikuwa na kibao: Tafadhali Usikanyage Nyasi. Humo ndimo binti wa Mapande alimopigwa picha za harusi. Bi Mashavu alikanyaga nyasi, akang'oa mawaridi kwa mikono mitupu mpaka damu ikamtoka, akakataa kusaidiwa. Alimjua mwanawe kwa shati alilomshonea mwenyewe. Alimfuta udongo usoni, akamwambia, "Mama yako alikupigia kigelegele, mwanangu. Nisamehe. Nimekuja." Wakamzika Feruzi kando ya baba yake, kwa sala na maji na sanda, na siku ile kikosi chote kilikuja bila sare.

Mkadhani ndio mwisho. Aa wapi!

Mapande akawekwa Nyumba ya Utulivu, katika kile chumba cha chini alichokijenga mwenyewe. Mlezi Mkuu akapiga marufuku neno mhoka. Kurasa zikachanwa kwenye kamusi, herufi za dhahabu zikayeyushwa, na ikawa kosa kubwa kulitamka neno hilo mahali popote. Baadaye wakataka kuifuta na Sheria ya Wahoka. Lakini kufuta sheria sharti itajwe Bungeni kwa jina lake, na kuitaja kwa jina lake ni kosa, kwa hiyo Spika aliposimama alifungua mdomo, akafunga, akaahirisha kikao. Sheria ipo mpaka leo, nzima, haina wa kuitamka.

Na kwa kuwa ipo, kila Ijumaa baada ya swala Mapande huletwa uani kwa Bi Mashavu, kati ya askari wawili. Amekonda. Suti inamning'inia, miwani ilikwisha potea. Bi Mashavu huwa anachambua mchele kwenye ungo. Askari humuuliza kama inavyotakiwa, "Bi Mashavu, umeridhika?" Yeye humwacha mtu asimame juani kwanza, humtazama kuanzia miguuni kwenda juu, na moyoni anaona raha, wala hafichi kwamba anaona raha. Majirani waliowahi kumshauri asamehe aliwafukuza na mwiko. Kisha husema, "Bado."

Ijumaa iliyopita Mapande aliletwa pamoja na mgeni. Alikuwa Katibu wa Ikulu mwenyewe, kanzu nyeupe, viatu vya kumeta. Huko juu walikuwa na wasiwasi. Mapande hupiga mayowe akiwa usingizini, na askari wanaomlinda wana masikio, na kuna jina la mtu na habari ya sahihi ambavyo hurudia kila mara. Ingefaa apone, asafiri, yaishe.

"Mama yetu," alisema Katibu, akachuchumaa ili asionekane mrefu, "mwanao umempata, umemzika kwa heshima. Huyu bwana umemwona alivyo. Mlezi Mkuu ananituma, anakuheshimu sana. Anauliza, kwani bado unataka nini? Sema chochote, utapewa leo hii."

Bi Mashavu akapeta mchele, akapuliza makapi, akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba mkeka mpya, wa ukili mzuri, aliousuka mwenyewe. Akautandika pale uani mbele ya Katibu, akaunyoosha pembe zote nne kwa kiganja.

"Wa nani huu, mama?" aliuliza Katibu, na tayari alikuwa amesimama.

"Mwambie wa aliyetia sahihi," alisema Bi Mashavu. "Aje avue viatu, akae. Namngoja."